Kipimo cha Bibi

"Mwanangu si sanamu la dukani!" Msusi alikuwa amesimama mlangoni kwake, kitana kimechomekwa kwenye nywele, mkono mmoja kiunoni. "Kila ukitaka kukata gauni, njoo Kibonge, simama wima Kibonge, nyoosha mikono Kibonge. Leo hapimwi. Katafute mwingine!"

"Nikamtafute nani?" Fundi alikuwa katikati ya ua, futi shingoni, pini tatu amezibana kwa midomo, kwa hiyo maneno yalimtoka kwa pembeni. "Miaka sita nampima. Leo ameota miiba?"

"Ana masomo ya ziada."

"Jumamosi? Mwalimu wake nimemwona sasa hivi hapo nyuma anafua mashuka."

Kibonge mwenyewe, miaka kumi na moja na mashavu ya kumtosha mtu mzima, alikuwa amekaa kizingitini akigeuza shingo huku na huku kama anatazama mpira.

Chumba changu kiko katikati ya vyao viwili, na mkaa wangu nauzia hapo hapo langoni, kwa hiyo hakuna neno linaloweza kutoka kwa mmoja likafika kwa mwingine bila kunipitia. Wananiita Redio. Sikatai. Jumamosi mchana huwa ndiyo saa yetu: Msusi anatuletea habari za mguu wa mama yake, mimi nawapa za mwanangu wa kiume, ambaye kila mchumba anayemleta namwona mara moja tu, na Fundi anashona huku akitucheka. Siku hiyo nilikuwa nimeshatoa stuli yangu nje. Nikabaki nimeishika mkononi.

"Sema ukweli," Fundi alisema. "Dereva wa lori anapita saa tisa. Kitambaa kiko mezani. Dakika mbili tu za mtoto."

"Mtoto wangu. Umesikia? Wangu."

Hapo Fundi alizitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye ukosi wa blauzi yake.

"Nilipokuwa nampa ziwa," alisema, "alikuwa wako peke yako?"

Hata mwalimu kule nyuma aliacha kufua.

Ni neno ambalo hajawahi kulisema. Sote tunalijua, lakini hajawahi kulitoa mdomoni. Mabinti wao walizaliwa wiki moja. Msusi alilazwa na homa ya uzazi wiki tatu, hajitambui, na Fundi akawa anawanyonyesha wote wawili, mmoja kulia mmoja kushoto, huku anakanyaga cherehani. Wa Msusi akanenepa, tukamwita Kibonge. Wa Fundi alizaliwa na mikunjo usoni kama kizee, tukamwita Bibi. Wamekula sahani moja, wameugua surua pamoja. Walipofika miaka mitano ndoa ya Fundi ikavunjika, baba mtu akahamishwa kikazi, mbali, safari ya lori ya siku mbili, akaondoka na Bibi. Mama mkwe akatuma salamu kwamba mtoto wao watamlea wenyewe. Fundi akabaki na cherehani.

Tangu hapo, kila shule inapokaribia kufunguliwa, anashona gauni moja anampa dereva wa lori apeleke. Hajawahi kuuliza kipimo. Anampima Kibonge, anaongeza inchi moja ya kukua, anakata. Na akishakata anamwambia Kibonge, "Haya, mwenzio amemaliza," anampa peremende.

Nilimtazama Msusi. Nilitegemea arushe maneno. Ulimi wake naujua, unaweza kusuka bila mikono. Lakini alikuwa anatazama chini, na kidole gumba cha mguu kinachora vumbini.

"Mwenzangu," nikamwambia, "kuna kitu umekimeza. Kiteme."

"Redio, usiniingilie."

"Nishaingia. Kibonge, nenda dukani."

"Kununua nini?"

"Nenda tu!"

Mtoto alipopita lango, Msusi akakaa pale pale kizingitini. Sauti ilikuwa imemshuka.

"Hayamtoshi," alisema.

"Nini hayamtoshi?" Fundi akauliza.

"Magauni. La mwaka huu, la mwaka jana, hata la kabla ya hapo. Mke wa dereva alikuja kusuka, dereva akawa anamsubiri, tukazungumza. Bibi amerefuka, Fundi. Amewafuata upande wa baba yake. Magauni yako anavaa mdogo wake, yule mama wa kambo aliyekuja naye kwenye ndoa. Wakaniomba mama yake asiambiwe, ataumia. Na mimi nikasema sawa, sitamwambia." Alifuta uso kwa mgongo wa mkono. "Lakini leo ningekuona tena umepiga magoti mbele ya Kibonge, unatabasamu na chaki yako, kwa kipimo ninachojua si chake... Sikuweza. Ni heri tugombane."

Fundi aliitoa futi shingoni, akaikunja, akaingia ndani. Mlango haukubamizwa. Ungebamizwa ningepumua.

Nilimpa muda wa kuchemsha chai, kisha nikamfuata. Chumba cha Fundi ni cherehani, kitanda, na meza ya kukatia inayochukua nafasi ya vitu vingine vyote. Juu ya meza kulikuwa na kitambaa cha waridi chenye maua madogo, kimepigwa pasi tayari. Yeye alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kazi, miguu juu ya pedali, gurudumu halizunguki.

"Mwalimu kiuno chake inchi thelathini na nne," alisema bila kunitazama. "Wewe bega lako la kushoto limeshuka kwa sababu ya magunia. Muuza duka ana mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, hata mkewe hajui. Mtaa mzima niulize, nikuambie. Wangu simjui."

"Si ungeuliza tu? Simu zipo."

"Nimpigie yule mwanamke nimwambie nini? 'Shikamoo, naomba unieleze mwanangu yukoje'?" Aliinamisha kichwa. "Wananipigia simu, Redio. Kila mwisho wa mwezi. 'Shikamoo mama.' 'Marahaba, hujambo?' 'Sijambo.' 'Unasoma?' 'Nasoma.' Basi, imekatika. Hilo gauni ndilo lilikuwa mazungumzo yetu. Nilikuwa najisemea, mama hahitaji kuambiwa. Mama anajua tu."

Nilikumbuka mume wangu alipolazwa miezi minne, na hawa wawili walikuwa wanabadilishana zamu kuniuzia mkaa ili niende hospitali, Msusi akirudi kwa wateja wake na kucha nyeusi na hakuna mteja aliyekataa kusukwa naye. Wakati ule hawakuniambia maneno ya hekima. Walikuja tu.

Nikatoka nje, nikamshika Msusi mkono kama mtuhumiwa, nikamwingiza ndani.

"Simu yako ina salio?"

"Inayo."

"Na daftari la Kibonge liko wapi?"

Fundi alitikisa kichwa. "Sitaki."

"Usitake," Msusi akamwambia. "Mimi ndiye nitakayeuliza. Aibu itakuwa yangu."

Akachukua namba kwenye simu ya Fundi, akaweka spika, ikaita mara tano. Aliyepokea alikuwa yule yule mama wa kambo, na nyuma yake sufuria zinagongana. Msusi akajieleza kwa mbio, kwamba sisi ni majirani, kwamba Fundi yupo hapa, kwamba yale magauni tumeshajua. Upande wa pili sufuria zikaacha kugongana. Nikajua sasa tunatukanwa.

"Dada Fundi ananisikia?" sauti ikauliza. "Dada, nisamehe. Nilikuwa naona haya. Vitu vizuri namna ile, na mishono ile, ningekuambiaje havimwingii? Nikawa nampa mdogo wake ili visikae tu."

Fundi akainama karibu na simu. "Vimemkaa vizuri huyo mdogo?"

"Kama aliyepimwa."

"Haya." Akachukua futi yake. "Haya. Una futi hapo?"

Hakuwa nayo. Alikuwa na kamba ya kuanikia nguo na rula ya shule ya Bibi, ile ya sentimita thelathini. Akamwita mtoto. Tukasikia miguu inakuja mbio, mlango, kisha sauti ambayo sikuitambua, nyembamba lakini tulivu: "Shikamoo mama."

"Marahaba. Simama wima, mwanangu. Usijinyooshe. Simama unavyosimama siku zote."

Basi wakaanza. Mama wa kambo anapima kwa kamba, Bibi anaulaza ule urefu kwenye rula na kusoma, Msusi anaandika, mimi nimeshika simu katikati ya meza kama nimeshika yai. Bega, rula moja na sita. Kifua, rula mbili na kumi na mbili. Kiuno, rula mbili na tatu. Kutoka begani hadi chini ya goti, rula tatu na tano. Fundi aligeuza futi yake upande wa sentimita, upande ambao sijawahi kumwona akiutumia, akawa anafuatisha kila namba hewani kwa kidole, juu ya kitambaa. Kwenye ile rula tatu na tano kidole kilipita ukingo wa meza.

"Mkono," alisema.

Wakapima mkono.

"Shingo."

Wakapima shingo.

"Kutoka kwenye sikio mpaka begani."

Msusi aliinua macho kidogo, akaandika.

"Unyayo. Kipimo cha kiganja. Kidole cha kati peke yake."

Mama wa kambo akashindwa kujizuia. "Dada, hilo gauni gani lenye vidole?"

Tukaangua kicheko, huku na kule, sufuria nazo kule zikaanguka, na katikati ya kicheko hicho nilimwona Fundi machozi yanamtiririka mpaka kwenye kidevu, na bado anacheka, na bado anasema, "Pima tu, pima tu, mdogo wangu."

"Saba," Bibi alisema. "Kidole ni saba, mama."

"Saba. Sawa."

"Mama?"

"Naam."

"Ni la rangi gani?"

Fundi alitazama mezani. "Waridi. Lina maua madogomadogo."

Mtoto akasita. Unajua mtoto aliyefundwa adabu anavyosita. "Ni zuri. Ila siku hizi mimi napenda buluu. Tena bila maua. Kama inawezekana."

"Inawezekana."

"Na mfuko."

"Mmoja?"

"Miwili. Ya pembeni."

Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza katika miaka sita kwa Bibi kumwomba mama yake kitu. Fundi alimwambia Msusi aandike: buluu, bila maua, mifuko miwili ya pembeni. Aliusubiri mwandiko ukauke kama vile ni hati ya nyumba. Simu ilipokatika alikunja kile kitambaa cha waridi, akakirudisha kwenye kabati, akakaa.

"Buluu sina," alisema. "Na saa nane imeshapita."

"Mimi nina kitambaa cha..." Msusi alianza.

"Acha. Sitaki kukimbiza. Nitaenda sokoni Jumatatu, nitachagua mwenyewe. Nimemkosea mara nyingi za kutosha kwa haraka zangu."

Dereva alifika saa tisa na robo, akapiga honi yake ya siku zote, ile inayoamsha watoto wote wachanga. Alishuka kabisa kuchukua mzigo, akakuta tumesimama watatu langoni, mikono mitupu. Uso wake ulibadilika pale pale. Mtu mwenye siri ya watu hujulikana.

"Leo sina kitu," Fundi alimwambia. "Safari ijayo."

"Hakuna shida, mama. Kwani..."

"Nimeshajua. Sikulaumu. Nionyeshe tu. Amefika wapi?"

Dereva akajikuna kisogo. Kisha akageukia mlango wa lori, akapima kwa jicho, akashusha kiganja kidogo, akakipandisha tena.

"Hapa. Usawa wa kitasa hiki. Mara ya mwisho aliegemea hapa hapa, akaniuliza kama huku kwenu mvua imenyesha."

"Akauliza mvua?"

"Akauliza na cherehani. Kama bado inapiga ile kelele."

Fundi alisogea karibu na lile lori, lenye vumbi la siku mbili, akasimama uso kwa uso na kitasa. Alilazimika kuinua macho kidogo tu. Yeye si mrefu. Aliweka kiganja pale dereva alipokuwa ameweka chake, na sisi tukajifanya tunazungumza habari za matairi.

"Kama bado inapiga kelele," alirudia. "Mwambie bado."

Lori likaondoka. Likakata kona kwenye duka, likasikika mpaka barabara kuu, halafu halikusikika tena. Fundi alikuwa bado mkono wake uko juu, kwenye ule usawa, vidole vimejikunja kidogo kana kwamba kuna kichwa chini yake. Wapita njia walimtazama. Mimi niliwatazama na wao mpaka wakaona aibu.

Msusi alikuwa ameshaingia ndani kwake, na nilimsikia anafunua sufuria, anapakua, anagombana na Kibonge kuhusu sahani. Kisha akatokea mlangoni, mwiko mkononi, kitana bado kichwani. Hakutazama ule mkono uliokuwa juu. Alimtazama mwenye nao.

"Fundi," alisema. "Wali umeiva, na maharagwe yana nazi. Ingia. Na wewe Redio, lete stuli yako, viti havitoshi. Ingieni tule."