Abiria wa Ngāhuia

Hepa alikubali kwa sharti moja, na sharti lenyewe alilitoa huku akitazama pembeni kama mtu anayemeza dawa chungu.

"Asijue mtu."

"Asijue mtu nini, kaka?"

"Kwamba nimekaa nyuma yako."

Ngāhuia, dada yake mdogo, akauma mdomo asicheke. Mwaka mzima alikuwa akiingoja siku hii, na sasa imefika na yeye haruhusiwi hata kumsimulia jirani! Lakini shida ilikuwa shida. Kesho yake jiwe la kaburi la baba yao lingefunuliwa, mwaka mmoja tangu wamzike, na wajomba wa Ōpōtiki, watu wa kwao mama, walikuwa njiani na mabasi mawili. Watu hao wana midomo, tusidanganyane. Kuna harusi moja walikuja wakakuta samaki wameisha mapema. Bibi harusi sasa ana wajukuu, na wao bado wanaihadithia.

Siku za baba jambo kama hilo halikuwezekana. Mzee alikuwa akishuka baharini na boti yake, anarudi, meza za marae, ukumbi wa ukoo, zinajaa, wageni wanafunga midomo kwa kula. Boti ikabaki kwa Hepa, mtoto wa kwanza, na sifa zake zote akazirithi pamoja na boti. Ila siku hiyo ya Ijumaa lilikuwa bamvua, maji yamekupwa mpaka ghuba ya Rangaunu imebaki matope na mikoko mitupu, na boti imekaa juu ya trela, nzito, haina pa kushukia. Maji yangerudi mchana. Na mchana huohuo, redio imesema, upepo wa kaskazini-mashariki ungeingia kwa hasira. Shangazi Te Paea, dada wa marehemu na bosi wa jiko, alishasema lake bila kupaza sauti: nyama ipo, viazi vipo, mikate ipo, lakini wajomba wanakula vichwa vya samaki, na kichwa ndicho watakachokitafuta kwanza.

Ikabaki jetski ya Ngāhuia. Hiyo inashushwa popote penye ufuo. Na ikabaki sheria, inayomhesabia kila mvuvi samaki wake. Mtu mmoja angeleta wa meza moja tu. Ndiyo maana alihitajika mtu wa pili, na wa pili anayejua kuvua alikuwa Hepa, yuleyule aliyekuwa akiiita jetski ile "pikipiki ya majini" mbele ya kila aliyekuwa na masikio.

Ngāhuia alipoinunua kule Whangārei, muuzaji alimpeleka moja kwa moja kwenye nyekundu moja inayong'aa, nyembamba, ya kurukaruka. Ngāhuia ni dereva wa basi la shule, anajua tofauti ya mwendo na kazi. Akauliza, "Hii inawahi wapi?" Kisha akaiomba ile ya kijivu, ndefu, pana, yenye sura mbaya. Akataka ishushwe mtoni kwanza. Akakaa juu yake ubavu, miguu yote upande mmoja kama aliyekaa kwenye benchi, akainama mpaka maji kama anayemtoa samaki. Ikalala kidogo, ikatulia. Akatazama nyuma kama pana ubapa wa kufungia sanduku la barafu, akauliza tangi linabeba mafuta ya kwenda wapi na kurudi. Basi, akaichukua hiyo.

Hepa alipoiona aliizunguka mara moja tu. "Chombo kina jina ubavuni," akasema. "Kina usukani wa maana. Kina mahali mtu anasimama akakojoa kwa heshima. Hiki si chombo, mdogo wangu."

Maneno hayo Ngāhuia aliyaweka moyoni. Yalimchoma, na hakuyasahau.

Sasa alfajiri ilikuwa imepambazuka, na kaka mtu anaisukuma pikipiki ya majini kwenye maji ya magotini, suruali imeloa.

"Washa basi, tunakaa nini?"

"Mpaka kiunoni."

"Maji haya yanatosha."

"Inavuta maji kwa chini, kaka. Nikiwasha hapa itakunywa mchanga, na kesho utawapa wajomba mchanga wale."

Wakasukuma mpaka kiunoni. Ngāhuia akapanda, akajifunga mkononi ule ugwe wa kuzima mashine mtu akianguka, akaigusa redio kifuani, akawasha. Hepa akapanda nyuma kwa kuguna, na jetski haikuyumba.

"Nishike vizuri."

"Nimeshika."

"Umeshika hewa. Shika jaketi."

Akashika. Wakaondoka.

Walifika nje kwenye mwamba wa chini ambao baba yao alikuwa akiutafuta kwa kulinganisha vilima viwili. Ngāhuia aliupata kwenye kioo chake kinachoonyesha chini. Wakakaa migongo ikigusana, kila mmoja na upande wake, wakatupa. Chubwi la kuzamisha mshipi lilikuwa halijatua vizuri, fimbo ya Ngāhuia ikapinda mpaka ikanywa maji.

Hakuvuta kwa pupa. Aliwasha mashine polepole, akageuza pua ya jetski imfuate samaki anakotaka kwenda, akawa anakunja mshipi kila akipata nafasi. Boti haifanyi hivyo. Boti unasimama na kusali. Hepa alishika wavu, na samaki alipoibuka ubavuni akamkinga. Lilikuwa changu dume zee lenye nundu kichwani, rangi ya shaba, na kichwa chake peke yake kingejaza sahani ya mgeni mkuu na kumwaga mchuzi.

"Mama yangu," Hepa akasema taratibu. "Kichwa hicho."

Ngāhuia hajawahi kuvua samaki kama yule, wala baba yake hakuwahi kuona wa namna hiyo. Na alikuwa samaki wa kwanza.

Wa kwanza ni wa Tangaroa, mwenye bahari. Anarudishwa, mkubwa au mdogo, na hakuna mjadala. Baba yao aliwafundisha hivyo kabla hawajajua kufunga ndoana. Na mtu mkali kuliko wote kwa jambo hilo alikuwa Hepa. Aliwahi kumshusha binamu yao kwenye boti kwa kumficha samaki wa kwanza chini ya koti.

Sasa Hepa akakohoa.

"Unajua," akasema, "ile sheria ni ya vyombo."

"Nini?"

"Mtu akivua chomboni, wa kwanza anarudi. Hiki si chombo. Nimesema mwaka mzima, si leo." Akamtazama samaki. "Fikiria kichwa hicho mbele ya mjomba Kereama. Atakosa pa kuanzia maneno. Na pengine tusipate mwingine, Ngāhuia. Upepo unakuja."

Jamani, alimpatia. Samaki alikuwa wavuni, meza ilikuwa kesho, na kaka mwenyewe, mlinzi wa mila, amefungua mlango. Kinachotakiwa ni yeye kukubali tu kwamba amekalia pikipiki. Ngāhuia alitamani, tusimpambe. Alitamani mpaka mate yakamkauka.

Akaingiza mkono wavuni, akamtoa ndoana kwa uangalifu, akamshika majini mpaka alipopata pumzi.

"Hiki ni chombo," akasema, na akamwachia.

Mkia ukapiga mara moja. Iliuma, na aliacha iume.

Hepa hakumsema, ila alinuna, na kununa kwa mtu aliyeegemea mgongo wako unakuhisi. Wakatupa tena. Wakabadili chambo. Mwamba ukawa kama umehamwa. Upande wa kaskazini-mashariki maji yakaanza kubadilika rangi, na barafu kwenye sanduku ilikuwa haina wa kumpoza.

"Twende zetu," Hepa akasema. "Tumemlisha Tangaroa, wajomba watakula viazi."

"Shika jaketi."

Hakuelekea nyumbani. Alielekea Meno ya Bibi, ile safu ya mawe karibu na rasi ambako mawimbi hugeuka povu jeupe na maji hayazidi kimo cha mtu. Kila mara baba yao alipopita mbali na pale aliyaonyesha kwa kidole. Samaki wako mle ndani, alikuwa akisema, wanatucheka tu. Boti yake ingevunjika vipande, na Hepa naye hajawahi kusogea.

"Hapana," Hepa akasema alipojua. "Ngāhuia. Hapana."

"Kazi yako ni kutazama nyuma. Ukiona wimbi limesimama, niambie."

Aliingia polepole kwenye mkondo uliopita kati ya mawe mawili, akaigeuza pua itazame bahari ili wakitaka kutoka watoke bila kuuliza. Mashine ikawa inanguruma chinichini. Akachukua fimbo nyepesi, samaki wa mpira asiye na uzito mkubwa, akamtupa kwenye povu. Hakuwahi hata kuzama, akadakwa. Kabla hajamtoa wa kwanza, Hepa naye akawa amenasa.

"Wimbi!"

Ngāhuia akabana mashine, wakapanda mgongo wa wimbi na kushuka upande wa pili, na samaki wao wakiwa bado kwenye mishipi. Wakarudi palepale. Changu wa kadiri, wanono, mmoja baada ya mwingine, vichwa vizuri vya kushika mkononi na kunyonya. Hepa akaanza kucheka peke yake kama mtoto. Alisahau kununa, akasahau umri, akawa anaita, "Kulia kidogo, mdogo wangu, kulia," na jetski inakwenda kulia. Walipofikia kiasi cha sheria cha watu wawili, Ngāhuia alifunga sanduku, na upepo ukawasukuma mgongoni hadi ndani ya ghuba.

"Niteremshe pale kwenye mikoko," Hepa akasema. "Nitazungukia barabarani."

"Kwenye matope yote hayo?"

"Sharti ni sharti."

Akateremka akazama mpaka magotini, akaenda zake. Jikoni Shangazi Te Paea alifunua sanduku, akahesabu kwa macho, akamtazama Ngāhuia. "Hawa si wa mtu mmoja."

"Nilikuwa na mtu, Shangazi."

"Nani?"

"Abiria tu."

Kesho yake jiwe lilifunuliwa, watu wakalia, wakaimba, wakaingia kula. Vichwa vikapita na mchuzi wake, na samaki wabichi wa ndimu na tui. Mjomba Kereama alinyonya kichwa kizima, akafuta vidole, akatafuta pa kuanzia maneno. Hakukosa.

"Samaki wazuri. Nani kavua?"

"Mimi, mjomba," Ngāhuia akasema.

"Kwa ile pikipiki niliyoiona nje?" Meza ya Ōpōtiki ikacheka. "Na mkubwa wao yuko wapi?"

"Alikuwa wa kwanza. Nilimrudisha."

Hapo walicheka mpaka sahani zikalia. "Wa kwanza huwa mkubwa siku zote," Kereama akasema. "Na hawa wote mtu mmoja? Ama umevunja sheria, mama, ama umepitia dukani. Sema tu, leo ni siku ya baba yako."

Ngāhuia akafungua mdomo, akaufunga. Alikuwa ametoa ahadi. Uso ukamwaka, na jina la baba yake likawa limekaa mezani pamoja na mifupa.

Kiti kikasukumwa upande wa pili. Hepa akasimama. Mtu mkubwa, kaka wa kwanza, mwenye boti.

"Samaki huyo nilimwona," akasema. "Wavu nilishika mimi. Mimi nilimwambia abaki naye, yeye akamrudisha."

Meza ya Ōpōtiki ikamgeukia.

"Ulikuwa naye?" Kereama akauliza. "Kwenye kitu kile? Ulikaa wapi?"

"Nyuma."

"Nyuma ya dada yako." Kereama alikuwa anatabasamu tayari. "Ukashika nini?"

Hepa akamtazama Ngāhuia, kisha akamrudia mjomba wake.

"Jaketi lake," akasema. "Kwa mikono miwili. Chombo kilikuwa chake."