Nyundo ya Tairi

"Kwa jina la Mungu," mzee alinong'ona, akagonga tairi ya kwanza.

Miaka ishirini na sita mzee huyu hakuwahi kutoa lori nje bila kulikagua. Maji, oili, breki, taa, kamba za mzigo. Mwisho tairi, moja moja, kwa nyundo. Yenye upepo hulia ngo. Iliyoishiwa hulia pwa, kama ngumi juu ya godoro. Madereva wote wa yadi ile aliwafundisha yeye, hata msimamizi aliyesimama pale na karatasi mkononi, mtoto wa dada yake.

Lakini tangu mvua zilizopita hakusikia ngo wala pwa. Alisoma midomo ya watu, na tairi alizipima kwa jinsi nyundo inavyorudi mkononi. Aliyejua siri hiyo ni mkewe tu.

Leo madereva walikuwa wamejipanga ukutani na vikombe vya chai, kama walioalikwa.

Tairi za nje zilirudisha nyundo vizuri. Za ndani, zilizojibana nyuma ya zile za nje, alizifikia kwa ncha ya nyundo, mkono umepinda, na huko mkono haukumwambia kitu. Akasita. Angeweza kulala chini akachungulia. Ila ni yeye aliyekuwa akiwasuta wanafunzi wake: "Dereva gani anaingia chini ya gari kama kuku anayetafuta pa kutagia?"

Hakuinama.

"Zote nzima," akasema.

Kicheko alikiona: meno, na chai ikimwagika.

Msimamizi akamgeuza kwa bega. "Mjomba, ile ya ndani kushoto nimeitoa upepo mwenyewe. Mtoto wa chekechea angesikia."

"Mpini umelegea."

"Haya. Hebu tazama gari lako."

Akaligeukia. Nyuma yake msimamizi akapaza sauti, yadi nzima ikasikia: "Mjomba! Unataka kubaki na lori? Sema ndiyo tu, nakuachia!"

Mzee alikuwa akifuta vumbi kwenye taa kwa kiganja.

"Mara ya pili, mjomba! Sema ndiyo!"

Akahamia taa ya pili.

"Jamani, si mmeona? Hataki!"

Walicheka hadi wakashikana mabega. Fundi wa breki peke yake aliweka kikombe chini, akaenda zake. Mzee alipogeuka na kuona vile vicheko, naye akatabasamu kidogo, asijue anachekea nini. Msimamizi akamnyang'anya nyundo, akamwandikia neno moja kwenye karatasi, herufi kubwa: GETINI.

Jioni mkewe alimchua mgongo kwa mafuta.

"Ni mimi niliyemwambia mpwa wako," mama huyo akasema. "Nilimwomba akupumzishe polepole, akusitiri. Nisamehe, baba watoto."

Mikono ikaendelea kuchua. Alijua vizuri kwamba anaongea na mgongo. Mzee alipogeuza uso, mkewe akamuuliza kwa midomo iliyofunguka vizuri: "Hapa ndipo panapouma?"

"Hapo hapo," akajibu.

Asubuhi lori lake lilikuja getini na dereva mwingine. Akafungua. Lilipokuwa likipita aliweka kiganja kwenye chuma cha geti, na chuma kikatetemeka, gurudumu baada ya gurudumu. Aliyahesabu yote. Lori likakata kona, likapotea. Nyuma yake gari la pili lilikuwa likipiga honi, likapiga tena, naye bado kashika chuma, akingoja kitulie.