Mtego Katika Somo la Hesabu

Alama zililingana tena. Mtafiti alikuwa ameweka zake kushoto mwa skrini na za mshirika wake wa ng'ambo kulia, akawa anazipitia kwa kidole kama mtu anayechambua mchele: nne kwa nne, tatu kwa tatu, mbili kwa mbili. Mwingine angepiga vigelegele. Yeye machale yalimcheza.

Chama cha watafiti wa elimu kiliwaunganisha wanachama wawili wawili, kila mmoja na mwenzake wa nchi nyingine. Kazi yenyewe ilikuwa kutazama video za masomo, kila mtu kivyake, na kutoa alama, moja hadi tano, kwa jinsi mwalimu anavyowaachia wanafunzi nafasi ya kufikiri. Kuchungulia alama za mwenzako kabla hujatoa zako kulikuwa marufuku. Lakini zote zilikaa katika hifadhi moja ya mtandaoni, na hifadhi hiyo haikuwa na kufuli wala mlinzi.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Miaka ya nyuma mgeni mmoja mwenye maneno matamu alibeba video zake zote, na alipoonekana tena alionekana kwenye jarida, peke yake, kana kwamba madarasa yale aliyakuta yameota porini. Tangu hapo mtafiti hakumwamini mtu hata kwa salamu. Video hizi za sasa, walizokuwa wakizitolea alama, zilikuwa jasho lake la miaka mingi, hana nyingine. Kama na huyu ni mwizi, aliapa, safari hii haibiwi akiwa amelala.

Basi akatega. Alichagua somo alilolijua kuliko yote, somo la sehemu, nusu na robo, la mwalimu ambaye wazazi wa mji mzima walimgombea. Mwalimu huyo alikuwa dada yake, jambo ambalo hakumwambia mtu yeyote chamani, maana watu hawakosi la kusema. Moyoni alilipa somo hilo tano. Kwenye hifadhi akaandika moja, na roho ikamuuma kama aliyemzaba dada yake kofi.

"Mwenye macho hawezi kutoa moja hapa," alijiambia. "Atakayetoa moja ameiga."

Mwisho wa wiki alama ya mshirika ikaonekana. Moja.

Alicheka peke yake ofisini, kisha akaomba kikao. Walikutana kwa video: yeye, mshirika, na mratibu wa chama, mama mtu mzima asiyejua kupandisha sauti. Mshirika alizungumza Kiswahili alichojifunza ukubwani, kila neno limepigwa pasi.

"Naomba nitenganishwe na mwenzangu," mtafiti alianza. "Na video zangu nizitoe. Kikulacho ki nguoni mwako. Huyu anasoma alama zangu, halafu anaziandika kama zake."

Mshirika akavua miwani. "Mimi?"

"Somo la sehemu umelipa alama ngapi?"

"Moja."

"Nani mwenye akili timamu atatoa moja pale?"

Mratibu alikohoa. "Ngoja kidogo, mwanangu. Wiki ile mtandao ulimsumbua mwenzio, akanitumia mimi alama zake. Zilinifikia Jumatatu, nikaziweka mwenyewe Ijumaa. Zako uliziweka Alhamisi. Ataigaje kitu ambacho hakijaandikwa?"

Masikio ya mtafiti yaliwaka moto.

"Tulitazame somo lenyewe tena," alisema mshirika, bila hasira, na huko kukosa hasira ndiko kulikomuudhi zaidi.

Video ikaanza, dada yake mtafiti akatokea ubaoni na sauti yake ileile nzuri. "Nusu na robo, ipi kubwa? Haya, wewe." Msichana wa dawati la mbele alisimama, akafungua kinywa. "Nusu! Si ndiyo? Nusu. Kaa." Akasimama mwingine. "Nikiikata nusu katikati napata nini? Napata robo. Vizuri sana! Kaa." Darasa likapiga makofi. Watoto walisimama na kukaa, wakasimama na kukaa, na mpaka kengele inalia hakuna hata mmoja aliyekuwa ametamka jibu.

Mtafiti alikuwa amelitazama somo hilo mara nyingi, na kila mara alisikia majibu sahihi. Hakuwahi kujiuliza yanatoka kinywani mwa nani. Aibu ilimshika, na nyuma ya aibu ikaja huzuni, kwa kuwa dada huyu ndiye aliyemfundisha na yeye kusoma, mezani nyumbani, na sasa hakukumbuka siku hata moja aliyoachwa amalize sentensi.

"Nilifurahi kuona na wewe umetoa moja," alisema mshirika. "Nilidhani nimemwonea mwalimu wa watu. Wewe uliona nini?"

Njia ilikuwa nyeupe. Angesema "niliona uliyoyaona," na yangeisha.

"Sikuona kitu," alisema. "Nilikuwa nimekutegea. Na mwalimu yule ni dada yangu."

Mratibu alitazama pembeni, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta mna mtu.

"Kumbe tulikubaliana," mshirika alisema taratibu, "na wewe hukuwa umetazama."

Mshirika hakudai mtafiti aondolewe. Aliomba tu masomo yote yatazamwe upya, kuanzia la kwanza, alama ziende moja kwa moja kwa mratibu. Mtafiti alikubali kabla mwenzake hajamaliza kusema, halafu akajisikia vibaya kwa kumkatiza.

Jioni alipitia kwa dada yake, akamkuta sebuleni anakunja nguo.

"Karibu, mdogo wangu. Umechoka? Umechoka, naona. Vipi wenzako wa ng'ambo, somo langu wamelionaje? Wamelipenda, bila shaka. Nilijua tu."

Mtafiti alifungua kinywa. Dada alikuwa ameshageukia shuka jingine, anatabasamu, amekwisha kujibiwa.

Akaishika ncha ya pili ya shuka, akaivuta kidogo mpaka dada akainua uso.

"Dada," alisema, "niulize tena. Halafu nisubiri."