Siku Fermín Alipokosa Ubeti

Watu huja Lango la Carmen kupiga picha matundu ya risasi za Wafaransa waliouzingira mji wetu zamani. Mimi nilikuja kumtoboa mtu mmoja.

Miaka ishirini na mbili iliyopita, adhuhuri ya sikukuu ya Pilar, kubwa kuliko zote mjini, Fermín Lacasta alisimama chini ya lango hili akaimba kwamba mchumba wake, dada yangu Orosia, alimpigia magoti mara tatu ili amuoe. Alikuwa ameshapata binti wa tajiri. Zaragoza nzima ilicheka. Kwetu, ukichokozwa kwa jota, wimbo wetu wa kujibizana, unajibu papo hapo kwa ubeti wako, ukishindwa unazomewa. Orosia hakujibu. Angejibu nini? Ubeti ule aliutunga mwenyewe jikoni kwetu akimenya viazi, mzaha wa wapenzi wawili. Nyimbo zote zilizompa Fermín jina alizitunga yeye.

Orosia alihamia Barcelona, hakuimba tena. Februari mwaka huu tulimzika huko, nami nikarudi na daftari lake la nyimbo.

Basi leo Fermín alipofika langoni, kitambaa chekundu kichwani na wapiga gitaa nyuma yake, nilipenya mpaka mbele nikaimba:

Fermín, sauti unayo,
ila kutunga huwezi;
waimbao za wenzao
huitwa nini? Ni wezi.

"Oyaa! Mjibu, mzee!" watu wakashangilia.

Akatabasamu, akaimba ule wake maarufu wa punda na padri.

"Huo tunaujua tangu utotoni!" akafoka muuza karanga. "Tupe mpya!"

Magitaa yakarudia mwanzo wa wimbo mara ya pili, ya tatu. Fermín akafungua mdomo, akaufunga.

"Vipi, babu, umemeza ulimi?"

Miluzi ya kuzomea ikaanza. Nilifurahi, sitaki kusema uongo. Akanisogelea, jasho likimtiririka.

"Blasa, inatosha. Mbele za watu hivi?"

"Kwani Orosia ulimwimbia chumbani?"

Nikalitoa daftari mkobani. Aliutambua mwandiko wa jaladani kabla sijalifungua.

"Usiwasomee, nakuomba. Watoto wangu wako hapa. Unataka nifanye nini?"

"Piga magoti."

Alidhani natania. Nikafunua ukurasa wa kwanza, nikakohoa kidogo kusafisha koo. Akaliegemea lango kwa mkono mmoja, akashuka taratibu hadi magoti yakagusa mawe. Kila mtu akatutazama. Kisha akajikongoja kuinuka, akanyoosha mkono apewe daftari.

"Bado mara mbili," nikamwambia.