Ngoma Nyuma ya Ukuta

Mtaani kwetu, saa saba mchana hakuna anayegonga hata msumari. Mpaka saa tisa watu wamepumzika, na asiyejua hilo hakulelewa hapa. Vijana waliopanga lile duka la mikate la zamani, ukuta mmoja na sisi, ama hawakujua ama walipuuza. Walikuwa bendi ya roki, nywele mabegani, wamekuja na mashine zao kurekodi albamu. Muziki wenyewe hauna maneno wala mwisho. Mpiga ngoma alishika mdundo mmoja akaenda nao tu, kama mtu aliyetumwa sigara akasahau kurudi.

Mimi nilijali usingizi wa mume wangu, Erwin. Vumbi la makaa ya mawe la mgodini lilikuwa limemmaliza mapafu, usiku anakohoa mpaka kunakucha, kwa hiyo alilala mchana tu. Siku ya kwanza, saa saba ilipogonga, sikuchungulia hata chumbani. Nilichukua ufagio nikatwanga ukuta kwa mpini. Ngoma ikakatika, nami nikaona nimewaweza.

Kuingia chumbani, namkuta Erwin amekaa kitandani, macho yamemtoka.

"Wamenyamaza," akasema.

"Nimewanyamazisha mimi. Lala."

"Irmgard, wamenyamaza." Akaanza kulia.

Alipokuwa kijana, mgodi uliwaporomokea. Wenzake waliofukiwa walikuwa wakigonga bomba la chuma ili wajulikane wako hai, na Erwin akichimba kuwafuata. Kisha kugonga kukakoma. Alinisimulia mara moja tu, tukiwa wachumba. Kumbe ngoma ya yule kijana ilikuwa imemlaza, na mimi na ufagio wangu ndio tuliomwamsha.

Sipendi kubembeleza watu. Kesho yake nilioka keki ya plamu nikaenda nayo. Mwenye miwani, Reinhold, alinieleza kwamba bendi yao haina kiongozi, kisha akawasemea wote.

"Mama, tumekosa. Saa saba hutatusikia tena."

"Sijaja kwa hilo. Nataka mpige. Hasa hiyo saa saba."

Wakatazamana. "Huyu mama kavuta nini?" mmoja akanong'ona.

"Nimekusikia," nikamwambia, "na wewe kanyoe."

Mpiga ngoma, Volkmar, ndiye pekee aliyeuliza sababu, nikamwambia. Reinhold akaruka papo hapo: waweke kipaza sauti chumbani kwa mzee, wamrekodi anavyopumua. Volkmar akamwambia akae chini ale keki. Tangu siku hiyo alipiga saa saba mpaka saa tisa, hata wenzake wakiwa wamezima mashine na kwenda kunywa supu. Erwin akalala.

Kisha albamu ikaisha. Volkmar alikuja kuaga, akakaa jikoni kwangu bila kugusa kahawa.

"Tunahama Jumamosi, mama."

"Na yeye atalalaje?"

"Sijui. Ngoja nione."

Nilimkasirikia kana kwamba nimemzaa mimi.

Majira ya mapukutiko alirudi na santuri mkononi. Alisema walikuwa wamegombana hadi karibu bendi ivunjike. Reinhold alitaka upande wa pili wa santuri umalizike kwa sauti kufifia polepole kama muziki wa watu wote. Volkmar aliapa kwamba ukififia, yeye anaondoka. Mwishowe wakaufanya mstari wa mwisho wa santuri ujifunge kuwa duara, sindano ikifika pale inazunguka hapo hapo na mdundo unaendelea.

"Ngoma haikatiki mpaka mtu ainue sindano kwa mkono," akasema.

Magazeti mengine yaliisifu mno, mengine yakaiita takataka. Mimi upande wa kwanza sijausikiliza mpaka leo. Upande wa pili niliuweka kwenye gramafoni kila mchana, na nilimpenda yule kijana kwa hilo. Erwin alilala vizuri majira yote ya baridi, na niliinua sindano pale tu alipoamka mwenyewe na kuomba chai.

Mwezi wa Februari, siku moja, saa tisa ilipita hakuamka. Nilimshika mkono, ulikuwa wa baridi. Nilimwita daktari, nikampigia simu dada yake, nikamfunga vifungo vya shati. Ngoma iliendelea muda wote huo. Walipofika watu wa mazishi, mmoja wao alinyoosha mkono kwenye gramafoni ili aizime, wapate kuongea. Nikamwambia asubiri, wamtoe nje kwanza.