Mtani, Njoo Unizike

Kwanza ilisikika pumzi ndefu, kama ya mtu anayetua gunia la korosho. Kisha maneno: "Mtani, njoo unizike." Ikakatika.

Siti aliisikia sauti hiyo simuni akiwa amechutama jikoni kwake Kilwa Masoko, mikono inanuka shombo. Ilikuwa ya Laurenti wa Mingoyo, mwenzake katika kikundi cha WhatsApp cha watu waliowahi kuugua sonona, wanaoegemeana kwa simu. Makabila ya Siti na Laurenti ni watani, na mtani ana haki ya kuchekesha hata msibani. Siku hiyo zamu ya kusikiliza ilikuwa ya Siti. Tangu alfajiri alikuwa amebeba vilio vya watu, na sasa hata kunyanyua kidole ilikuwa kazi. Akajibu kivivu: chimba kaburi mwenyewe, mie nitaleta ubani. Kikundi kizima kikacheka. Benjamini, naye wa Mingoyo, akaomba awekewe pilau ya matanga.

Laurenti hakujibu.

Hapo Siti akashtuka. Laurenti hakuwahi kutoa mzaha bila kuucheka mwenyewe kwanza. Akaifungua tena ile sauti, akatega sikio. Kicheko hakikuwamo. Akapiga simu, ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena huku akiulaani ulimi wake, na tena, hadi ikapokelewa.

Hakuzunguka. "Laurenti, unataka kujiua?"

Laurenti akaishusha tena ile pumzi ndefu.

"Nilijiambia, wakicheka, basi."

"Tumecheka. Tumekosa. Nisamehe."

Akamuuliza yuko na nani. Laurenti akasema yuko peke yake, dada yake Natalia yupo sokoni. Siti akamwandikia Benjamini upesi: huu si utani, kamlete Natalia nyumbani sasa hivi. Benjamini akajibu kwamba ameshatoka, anakimbia.

"Na wewe huchoki?" Laurenti akauliza. "Mgonjwa kumbeba mgonjwa mwenzake kila siku?"

"Nimechoka, mtani. Masikio yamechoka, mgongo umechoka, na maneno matamu yameniishia. Nililala chini kama wewe mwaka mzima, najua hayasaidii sana."

"Basi kata, ukapumzike."

Siti akaketi sakafuni, akaegemeza kichwa ukutani.

"Ukitaka sema, hutaki nyamaza. Mpaka dada yako aishike simu hii kwa mkono wake, nakuahidi, Laurenti, sikati."