Kalenda Iliyong'olewa Bila Kuuliza

Mimi, Orpah wa Gesima, sikubali mtu aje kunipandia kichwani mbele ya kompyuta yangu. Ndiyo, nasema yangu. Mwaka wa 1978, pale ofisi ya chai mjini Kisii, hakukuwa na mwingine aliyejua kila programu iliyokuwemo, iliingia lini, na ipi inaitegemea ipi. Yote niliyaandika kwenye daftari, na sheria yangu ilikuwa moja: huondoi kitu kabla hujaandika jina lako humo. Kwetu hata nguzo ya ghala haing'olewi kabla ya kuuliza imebeba nini.

Akaja Manasseh kutoka makao makuu, tai shingoni, kuweka programu mpya. Diski ikajaa. Nilipotoka kunywa chai, akafuta Kalenda, programu ndogo ya kuhesabu tarehe, ili apate nafasi.

"Hiyo ni kuukuu, dada," akaniambia niliporudi. "Hakuna anayeitumia." Daftari langu akalicheka.

Nilikasirika sana. Programu ya orodha ya malori iliitumia Kalenda kila siku, kujua lori lipi liende kituo kipi cha kukusanyia majani. Saa saba ilipofika, orodha ikagoma. Nje madereva tisa walikuwa wakingoja, na bila orodha majani yaliyochumwa asubuhi yangeozea vituoni. Tena mkubwa wetu, Mzee Nyamongo, alishaniambia kwamba siku malori yatakapokosa kutoka, nitarudi Gesima kuchuma chai.

Manasseh akabonyeza hiki, akabonyeza kile, jasho likamtoka. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, nami sikumwambia.

Nikafungua kabati. Kadi za Kalenda, mia mbili na kumi, zile za matundu ambazo mashine husomea programu, nilikuwa nimezihifadhi kwa mpangilio, zimefungwa kamba ya katani. Nikaandika jina langu daftarini kwanza, nikaiondoa programu yake mpya, kisha nikailisha mashine kadi zangu. Saa nane kasorobo orodha ikatoka, na Ombati, dereva wa kwanza, akawasha lori.

Mzee Nyamongo alikuwa amesimama mlangoni. "Kuanzia leo," akamwambia Manasseh, "ukitaka kugusa mashine hii, muulize Orpah." Nilijivuna, sitaficha.

Nikamsogezea Manasseh daftari na kalamu. Akaandika: Kalenda, imeondolewa na Manasseh. Alipofika safu ya mwisho akasita.

"Hapa panapouliza ni nini kinachoitegemea, niandike nini?"

"Andika malori tisa," nikamwambia, "na chai yote ya kuanzia Gesima hadi Nyansiongo. Halafu uandike Orpah."